Barua Kuhusu Jina la Lefebvre

Rafiki yangu mpendwa,

Natumai waraka huu utakukuta u buheri wa afya, wewe na wote wa nyumbani. Umeniuliza kwa nini jina Lefebvre huandikwa kwa herufi b, ilhali Mfaransa akilitamka b hiyo haisikiki kamwe. Nimefurahi kuulizwa, kwani jina hili nalipenda mno.

Asili yake ni neno la Kilatini faber, yaani fundi, na hasa fundi wa chuma. Katika Kifaransa cha kale lilikuwa fevre, kwa kuwa b ya Kilatini ilikwisha kugeuka v vinywani mwa watu; ukilitanguliza na le, kineno cha Kifaransa kitanguliacho nomino, unapata jina ambalo kwetu lingekuwa Mhunzi. Waliorudisha b ni makarani waliosoma Kilatini, waliotaka maandishi yaoneshe asili ya neno. Sasa shika kalamu uandike lefebure: zamani u na v zilikuwa herufi moja, na hivyo ndivyo jina lilivyoonekana karatasini. Wapo waliolisoma kama lilivyoandikwa, wakatamka Lefébure, na hadi leo hilo ni jina la ukoo linalojitegemea, lililozaliwa na macho wala si ulimi.

Lefebvre limeenea zaidi kaskazini mwa Ufaransa. Kusini, kwenye lugha ya Kioksitani, utakutana na Fabre na Faure. Mtaalamu wa wadudu Jean-Henri Fabre, aliyezaliwa Saint-Léons mwaka 1823, alikuwa mtu wa huko. Kwa Wabretoni, watu wa kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, jina la mhunzi ni Le Goff.

Linalonigusa zaidi ni kwamba neno fèvre lenyewe limekwisha kutoweka. Mhunzi siku hizi huitwa forgeron, na fèvre limesalia ndani ya orfèvre, yaani sonara, na katika majina ya watu ambao pengine hawajapata kuiona fuawe maishani mwao. Kazi imekwenda, neno limekwenda, jina limebaki.

Nawe jina la namna hii umelijua tangu utotoni, rafiki yangu: al-Haddad, mwenye ile ratibu ya dhikri tuliyoisoma chuoni, kwa Kiarabu maana yake ni mhunzi vilevile. Ukiingia darasani, waandikie wanafunzi wako ubaoni faber, fevre, Lefebvre, neno chini ya neno, uwaache waitafute b wenyewe.

Nisalimie mama na watoto.

Wako akupendaye,
Rafikiyo