Tuambieni santuri imetoka kwenye kanda gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana ile makala yenu ya santuri imenikaa kichwani wiki nzima. Mwandishi alisema mambo mawili, kwamba anayetaka jazi au roki ya zamani anunue toleo la kwanza tu kwa sababu marudio, yaani matoleo yanayochapwa upya baadaye, ni biashara tupu, na kama toleo la kwanza limemshinda basi atafute zile nzito za gramu 180 ndo zenye sauti nzuri. Mi nakusanya santuri huu mwaka wa ishirini na kitu, na nasema yote mawili yanapotosha watu, hasa hawa wanaoanza sasa hivi, mtu anatoa hela yake nyingi alafu anafika nyumbani anaweka sindano anakuta muziki umepooza.

Tuanze na hilo la toleo la kwanza. Chukua Kind of Blue ya Miles Davis, karibu kila mpenzi wa jazi anayo. Ilirekodiwa New York mwaka 1959 kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili. Siku ile ya kwanza mashine ya kanda kuu, ile masta ambayo santuri hutengenezwa kutoka kwake, ilikuwa inazunguka taratibu kuliko inavyotakiwa na hakuna aliyegundua, sasa kanda ileile ilipopigwa kwenye mashine iliyo sawa muziki ukatoka umekimbia kidogo na sauti imepanda kidogo. Ndo nyimbo zote tatu za upande wa kwanza hizo! Zikaendelea kuuzwa hivyo zaidi ya miaka thelathini, na mtu akikaa na piano yake kufuatisha santuri anaona noti hazikai pamoja kabisa. Ikaja kurekebishwa mwaka 1992, kwa sababu siku ile ya kurekodi kulikuwa na mashine ya pili pembeni inachukua kanda ya akiba, na yenyewe ilikuwa na kasi sahihi. Kwa hiyo toleo la kwanza ni hazina, silikatai hata kidogo, lakini ukitaka kusikia upande ule kwa kasi waliyopiga wenyewe mle studio unahitaji toleo la marudio, hakuna njia nyingine.

Lakini msije mkadhani nasema marudio siku zote yanashinda, hapana. Led Zeppelin II ya mwaka 1969 ni kinyume chake. Aliyeikata mara ya kwanza, yaani aliyechonga vifereji vya sauti kwenye sahani ya kuchapia kutoka kwenye kanda, ni Robert Ludwig, akaikata kwa nguvu, besi nzito, dramu zinakupiga kifuani, shida ikawa kwenye vile vinanda vya santuri vya bei rahisi vya wakati huo sindano ilikuwa inaruka, basi kampuni ikaogopa ikaagiza ikatwe upya kwa sauti iliyopunguzwa nguvu. Nakala alizokata Ludwig zina herufi RL zimechorwa kwenye lile eneo tupu katikati, kati ya wimbo wa mwisho na karatasi ya lebo. Yaani albamu ni ileile, jalada lilelile, mwaka uleule, na sauti ni mbingu na ardhi. Sasa hapo umri wa santuri unakusaidia nini? Kinachokusaidia ni kujua nani ameikata na ameikata kutoka wapi.

Hilo eneo tupu ndo cheti cha kuzaliwa cha santuri, na nasikitika makala haikuligusa kabisa. Wakusanyaji wa Blue Note, ile lebo ya jazi ya Marekani, wanaishi humo. Wanainamisha sahani kwenye mwanga wanatafuta jina la Van Gelder au herufi RVG, kuonyesha imekatwa na Rudy Van Gelder mwenyewe, ambaye ndiye aliyerekodi sehemu kubwa ya jazi ya lebo hiyo, alafu wanatafuta kialama kidogo kama sikio ambacho ni alama ya kiwanda cha Plastylite kilichokuwa kinawachapia mpaka mwaka 1966. Mara ya kwanza nilipoliona hilo sikio kwenye nakala yangu mwenyewe nilikaa nalo mkononi muda mrefu sana kabla hata sijaipiga.

Kuhusu gramu 180 nitasema kwa kifupi. Uzito ni plastiki. Santuri nzito inakaa vizuri kwenye kinanda na ukiishika unaona imetengenezwa kwa heshima, lakini vile vifereji sindano inavyopita haviongezeki ubora kwa sababu sahani ni nene. Ninayo moja ya roki ya miaka ya 70, nzito, jalada linang'aa, stika inasema imetoka kwenye masta halisi bila kueleza masta ipi, na sauti imebanwa mpaka dramu na gitaa vyote viko kimo kimoja, hakuna kupumua. Nakala yangu ya zamani iliyochakaa, nyepesi mpaka inapinda ukiishika, inaipita mbali mno.

Na mwaka 2022 ilijulikana kwamba kampuni moja ya Marekani inayosifika sana kwa marudio ya hali ya juu ilikuwa inapitisha muziki kwenye hatua ya kidijitali kabla ya kukata, kwa miaka, huku wateja wanaamini ni analogi, yaani kanda tu bila kompyuta, mwanzo mpaka mwisho. Watu wakaenda mpaka mahakamani. Mi maoni yangu ni kwamba dijitali haikuwa kosa, nyingi ya santuri zile zinalia vizuri na waliozisifia hawakukosea masikio yao. Kosa ni kunyamaza. Mtu anapolipa zaidi kwa sababu ya chanzo basi ana haki ya kuambiwa chanzo.

Na kusema ukweli wala hakumuui muuzaji. Mwaka 2018 ilitoka albamu ya John Coltrane iliyorekodiwa tarehe 6 Machi 1963, ikakaa miaka 55 bila kusikika. Kanda ya kampuni ilishapotea, kilichoiokoa ni nakala ya mono, yaani ya sauti ya njia moja, ambayo Coltrane alipewa aende nayo nyumbani kusikiliza, ikabaki kwa familia ya mke wake wa kwanza, Naima. Walilisema hilo wazi, kwamba mnachosikia ni kanda ya nyumbani, na watu waliinunua kwa mapenzi kabisa. Sanduku la mono la The Beatles la mwaka 2014 lilikatwa moja kwa moja kutoka kwenye kanda, wakati lile la stereo la 2012 lilitoka kwenye mafaili ya kidijitali, nalo lilijulikana, kila mtu akachagua lake. Na Blue Note yenyewe tangu 2019 ina mfululizo wa Tone Poet unaosimamiwa na Joe Harley, anayekata ni Kevin Gray, na wanakuambia wanatumia kanda za asili. Mnunuzi anajua kabla hajafungua mfuko wa pochi.

Sasa ombi langu, Mhariri. Mnapoandika tathmini ya santuri kwenye gazeti msiishie kwenye jalada na uzito na historia ya bendi. Andikeni mistari miwili tu, imekatwa kutoka kwenye kanda ipi au faili gani, na nani kaikata, na mwaka gani, na kama kampuni imegoma kusema basi andikeni kwamba imegoma, maana hiyo nayo ni habari kwa mnunuzi.

Na mwandishi wenu, kama yuko tayari, aazime nakala mbili za Kind of Blue, moja ya kabla ya 1992 na moja iliyorekebishwa, akae karibu na piano iliyotyuniwa vizuri, apige upande wa kwanza wa kila moja huku anafuatisha noti za besi za mwanzo. Haitamchukua hata nusu saa, alafu atuandikie alichosikia.

Ni mimi msomaji wenu,
Mkusanyaji wa santuri