Malalamiko Kuhusu Seti ya Vipuri vya Jiko la Pampu la Mafuta ya Taa

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: VIPURI VIBOVU NA MAELEKEZO YA HATARI

Nalalamikia seti ya vipuri niliyonunua kwenu kwa ajili ya jiko la zamani la pampu, lile la kambini linalotumia mafuta ya taa. Vipuri vitatu ndani yake ni vibovu. Hata hivyo, kilichonifanya niandike kwa uzito huu ni kikaratasi cha maelekezo mlichokiweka kwenye pakiti, kwa sababu mtu akikifuata anaweza kuungua.

Jiko lenyewe ni zima. Tangi ni la shaba, halina ufa, na skrubu zote zinashika. Shida yake ilikuwa ile ya kawaida kwa jiko lililokaa stoo miaka mingi: mpini wa pampu ulikwenda mwepesi bila kusukuma hewa, maana wosha ya ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka. Ngozi iliyokauka tu hulainishwa kwa mafuta, ukatanua kingo zake kwa vidole, ikarudi kazini. Iliyopasuka hubadilishwa, ndiyo maana nikaagiza kwenu. Wosha niliyoletewa ni plastiki iliyochapwa sura ya ngozi. Niliikata kwa wembe nikaona kitambaa katikati. Hainywi mafuta, haitanuki, na hewa inapita pembeni yake. Kwenye pakiti mmeandika "ngozi halisi".

Kipuri cha pili ndicho kibaya zaidi. Chini kabisa ya bomba la pampu kuna valvu ndogo inayoruhusu hewa iingie kwenye tangi na kuizuia isirudi. Ndani yake mna springi na kipande cha mpira kidogo kama punje ya dengu, na usalama wa anayepampu umekaa juu ya kipande hicho, kwani nyuma yake kuna mafuta yaliyosukumwa na hewa. Nilifunga chenu na mwanzoni kilizuia vizuri. Baada ya tangi kulala na mafuta usiku kucha, mpini ulianza kupanda wenyewe kila nilipouachia. Nikachomoa pampu, nikakuta mafuta ya taa yamejaa kwenye bomba. Nilipofungua valvu, mpira ulikuwa umevimba na kuwa teketeke, na mdomo wa valvu umeacha duara lililozama ndani yake. Mpira wa kawaida huvimba ukilowa mafuta ya taa, na fundi yeyote wa majiko haya analijua hilo. Unaotakiwa hapa ni wa nitraili au Viton, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani unaostahimili mafuta. Mmeuza kipuri cha jiko la mafuta ambacho hakistahimili mafuta!

Sasa fikirini jiko likiwa linawaka. Mafuta yanarudi kwenye bomba la pampu, yanatoka kando ya mpini, yanachirizika juu ya tangi, na moto uko karibu kabisa. Aliyeshika mpini huo ni mtu anayepika, pengine na watoto wamemzunguka.

Nozeli nayo ni mbovu. Mvuke wa mafuta hutoka kwenye kijitundu kisichofika nusu milimita, na upana huo ndio unaoamua mvuke utoke kiasi gani ili ulingane na hewa inayovutwa. Tundu la nozeli yenu ni pana kiasi kwamba sindano ya kuzibulia, iliyomo kwenye seti hiyohiyo, inacheza ndani yake, tena limetobolewa kando badala ya katikati. Nilipasha kichwa cha jiko kwa spiriti mpaka spiriti ikawaka ikaisha, kama inavyopaswa. Moto ulitoka wa njano, mrefu, umelalia upande mmoja, ukaacha masizi kwenye sufuria. Nilizibua nozeli ya zamani nikairudisha, bila kugusa kitu kingine kichwani, na moto ukawa wa bluu wenye mngurumo sawa.

Nije kwenye kikaratasi. Mmeandika kwamba moto ukiwa wa njano, mtu aendelee kupampu mpaka ubadilike rangi. Moto wa njano mara nyingi unasema mojawapo ya mambo mawili: kichwa hakijapata joto la kugeuza mafuta kuwa mvuke, au mvuke umezidi hewa. Ukipampu kichwa kikiwa baridi, unarusha mafuta mabichi na ndimi za moto zinapanda ghafla. Ukipampu mvuke ukiwa umezidi, unaongeza kilekile kilichozidi. Inayotakiwa ni kufungua skrubu ya kutolea hewa ili shinikizo lishuke na moto uzimike, kisha jiko lipoe kabla ya kupashwa upya. Skrubu hiyo haikutajwa popote kwenye kikaratasi chenu.

Tena mmeandika kwamba petroli inaweza kutumika mafuta ya taa yakikosekana. Ondoeni sentensi hiyo leo. Petroli hugeuka mvuke kwa joto dogo sana, na tangi la jiko hili liko chini ya moto. Likipata joto, shinikizo hupanda kupita ambavyo jiko liliundwa kuhimili.

Majiko ya muundo huu yametokana na lile ambalo Frans Wilhelm Lindqvist alilibuni Stockholm mwaka 1892, na mengine ya miongo mingi bado yanapika kwa sababu kila kiungo chake kinafunguka kwa spana na kubadilishwa. Wanaoyatunza wanawategemea watu kama ninyi kwa vipuri hivyo vidogo.

Naomba msimamishe uuzaji wa seti hii na muwaarifu wote walioinunua, hasa kuhusu mpira wa valvu na suala la petroli. Nirudishieni fedha zangu zote. Sihitaji seti nyingine ya aina hiyohiyo. Mkitoa mpya, andikeni kwenye pakiti mpira ni wa aina gani na tundu la nozeli lina upana gani. Nimeambatisha mpira uliovimba, wosha niliyoikata, nakala ya risiti na picha za moto wa nozeli zote mbili. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Mteja wenu.