Kwenu wanangu mnaolea peke yenu hapa Malindi

Wanangu, salamu nyingi kwenu nyote. Nawaandikia ili tuidai kaunti vituo vya kulelea watoto wetu wadogo.

Juzi alfajiri nilipita Maweni kununua mahamri. Mama aliyekuwa akikaanga alishika kijiti mkono wa kulia, na kwa wa kushoto amevuta ncha ya kanga aliyomfunga mtoto kiunoni, asilifikie karai la mafuta. Mtoto hajatimiza mwaka na nusu. Mpaka sasa ule mkono wa kushoto haunitoki machoni.

Nami nimelea peke yangu. Nikifanya usafi katika hoteli moja ya ufuoni, mara tatu nilimfungia mwanangu chumbani kwa kukosa wa kukaa naye. Mara ya tatu nilimkuta kalala nyuma ya mlango, sauti imemkauka kwa kulia. Naliandika hili kwa kuwa najua wamo kati yenu waliobeba ufunguo kama ule leo hii.

Aliyeajiriwa hupata likizo ya uzazi ya miezi 3. Muuza mahamri hana hata hiyo. Chekechea nayo humpokea mtoto akifika miaka 4. Hapo katikati akae na nani? Wengine mnamwachia dadake wa miaka tisa, naye shule inampita. Nawaomba sana, hilo msilifanye.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziorodhesha kazi za kaunti, na pamoja na elimu ya chekechea imevitaja vituo vya kulelea watoto. Basi mnapokidai kituo hamwombi sadaka.

Najua wapo wanaongoja pesa za Inua Jamii, ule mpango wa msaada wa serikali. Mimi nimepita miaka 70, napokea zile shilingi 2,000 za mwezi, alhamdulillahi. Lakini mpango ule ni wa wazee, wa nyumba zenye mayatima na watoto walio katika hali ngumu, na wa wenye ulemavu mkubwa. Kulea peke yako pekee hakukuingizi. Na hata ungeingia, elfu mbili haimbebi mtoto mgongoni wewe ukienda kazini. Anachohitaji ni mlezi aliyefunzwa, uji, choo kisafi, na ada ambayo muuza samaki ataimudu hata msimu wa kusi. Huko Quebec, Kanada, mwaka 1997 serikali ilianza kumtoza mzazi dola 5 kwa siku, iliyobaki ikalipa yenyewe. Akina mama wengi wakaingia kazini.

Kuhusu baba wa mtoto: Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema wajibu ni sawa, mmeoana au hamkuoana. Anzeni kwa wazee, kwa upole. Akikaidi, nendeni kwa afisa wa watoto. Nanyi akina baba mnaolea wenyewe, msijifiche, barua hii ni yenu pia.

Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Katika miezi ile ndipo wananchi huitwa kutoa maoni. Wa barabara huenda, wa mitaro huenda, nyinyi mmefungwa na watoto nyumbani. Safari hii andikeni ombi lenu, kila mtaa uweke hesabu ya watoto wake walio chini ya miaka 4, mtie sahihi. Mimi nitakaa kiti cha mbele. Njooni na watoto wenu. Wakilia ukumbini, msiwatoe nje.

Bibi yenu