Mark amemfuata Helly, si Helena

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa burudani wa wiki iliyopita mlichapisha makala kuhusu sehemu ya mwisho ya msimu wa pili wa tamthilia ya Severance, ile iitwayo "Cold Harbor", ambayo Apple TV+ iliionyesha tarehe 21 Machi 2025. Mwandishi wenu alieleza kwamba mashabiki wengi wanaamini kuwa mwanamke aliyetokea mwisho wa korido, ambaye mhusika mkuu, Mark, alimfuata na kumwacha mkewe Gemma akilia nyuma ya mlango, hakuwa Helly bali ni Helena Eagan aliyejifanya Helly, kisha akaimaliza makala yake kana kwamba jambo hilo limekwisha kuthibitika. Naomba nafasi ya kulipinga, kwa sababu ninaipenda tamthilia hii na ninaona kwamba dhana hiyo inaipokonya kilicho bora kuliko vyote ilivyotupatia.

Kwa msomaji ambaye hajaitazama, tamthilia hii iliyobuniwa na Dan Erickson inahusu wafanyakazi wa kampuni ya Lumon waliokubali kupandikizwa kifaa kwenye ubongo kinachoigawa kumbukumbu yao katika sehemu mbili, kiasi kwamba anayeshuka na lifti kwenda ofisini hajui lolote kuhusu maisha ya yule anayerudi nyumbani jioni, na yule wa nyumbani hajui kinachotendeka ofisini. Helly, anayeigizwa na Britt Lower, ni nafsi ya ofisini ya Helena, binti wa mkuu wa kampuni, na hao wawili wana mwili mmoja lakini hawana moyo mmoja: Helly anataka uhuru, Helena anailinda kampuni ya baba yake.

Chanzo cha dhana hii ninakielewa, kwa kuwa mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Katika sehemu ya kwanza ya msimu huu, iliyoonyeshwa tarehe 17 Januari, wafanyakazi wanne walisimuliana mambo waliyoyaona walipoamka kwa muda mfupi nje ya ofisi mwishoni mwa msimu wa 2022. Sisi tuliokuwa tumeutazama msimu ule tulijua kwamba Helly alijikuta kwenye hafla ya kampuni na kugundua kuwa yeye ndiye Helena, lakini aliporudi aliwaambia wenzake kwamba alikuwa katika nyumba ya kawaida tu na kwamba nje alimwona mtunza bustani, wakati ilikuwa usiku. Irving, mmoja wa wafanyakazi hao wanne, alishangaa ni mtunza bustani gani huyo afanyaye kazi usiku. Watazamaji makini waliona pia namna alivyobabaika kutafuta swichi ya kompyuta ambayo Helly alikuwa akiitumia kila siku. Hapo zikazuka dhana mbili, moja ikisema kwamba aliyerudi ni Helena aliyekuja kupeleleza, na nyingine ikisema kwamba ni Helly mwenyewe, ila anaona aibu kuwaambia rafiki zake kuwa yeye ni wa ukoo ule ule unaowafunga. Mimi nilikuwa upande wa hiyo ya pili, na bado ninaiheshimu, maana zote mbili zilijengwa juu ya tukio tuliloliona kwa macho yetu.

Jibu lilipatikana tarehe 7 Februari katika sehemu ya nne, "Woe's Hollow", wafanyakazi walipopelekwa msituni kwenye theluji. Naomba wasomaji wakumbuke jinsi Irving, anayeigizwa na John Turturro, alivyoifikia kweli. Alikuwa na uongo wa mtunza bustani, akaona namna mwanamke yule alivyoicheka hadithi waliyosomewa usiku, kisha akachomwa na maneno yake ya dhihaka kuhusu Burt, mtu ambaye Irving alimpenda na kumpoteza. Alihitimisha kwamba Helly hakuwahi kuwa katili, ndipo akamzamisha kichwa kwenye maji baridi chini ya maporomoko mpaka Milchick, msimamizi wao, akalazimika kuagiza kwamba kizuizi kilichomweka Helena mahali pa Helly kiondolewe, na Helly halisi akaibuka akitweta. Ndoto aliyoiota usiku ule ilimtia nguvu tu, kwani shaka yake ilikuwa imeanza siku ya kwanza kabisa.

Sasa tuitazame dhana ya leo kwa kipimo hicho hicho. Wanaoitetea wanataja mambo mawili, yaani sura ya Britt Lower anapotokea mwisho wa korido, ambayo wanadai ina ushindi fulani ndani yake, na ule muda mfupi ambao kamera haikumfuata alipoondoka kwa wenzake. La pili ni kweli, kamera haikumfuata. Lakini nafasi tupu kati ya picha mbili haiwi ushahidi wa jambo lolote, ama sivyo kila mhusika anayetoka chumba kimoja na kuingia kingine angehesabiwa kuwa mtu mwingine. Kuhusu uso, ni uso ule ule wa mwigizaji mmoja anayeigiza nafsi mbili zenye kumbukumbu tofauti, na hata katika msitu ule si uso uliomfichua, bali maneno yake na namna alivyowatendea watu.

Kwa hiyo tuangalie alichosema na alichotenda katika "Cold Harbor". Jame Eagan, baba yake, alishuka mwenyewe hadi ofisini kwa Helly, akamwambia kwamba hampendi binti yake Helena na kwamba moto wa mwasisi Kier, aliokuwa akiuona zamani ndani ya Helena, sasa anauona ndani yake yeye. Maneno hayo hayana maana yoyote iwapo aliyeketi pale ni Helena. Baadaye ni Helly aliyemsukuma Mark kwenda kumwokoa Gemma, ambaye Lumon ilikuwa imemfungia ndani ya jengo lake, akikubali kwa uchungu kwamba yeye na Helena ni mwili mmoja na kwamba hana maisha ya kumpa. Ni yeye aliyeichukua redio ya Milchick na kukimbia nayo, na ndiye aliyeshirikiana na Dylan, mfanyakazi mwenzao, kumfungia Milchick chooni kwa mashine ya vitafunio. Ni yeye pia aliyepanda juu ya meza na kuwahutubia wanamuziki wa kampuni, akiwaambia kwamba wamepewa nusu ya maisha na wanadhaniwa hawataipigania. Helena angefanya hayo kwa faida gani, wakati kila hatua ilikuwa ikiubomoa mpango ambao ukoo wake ulikuwa umeusubiri kwa miaka? Na kama alibadilishwa baada ya hapo, nani aliyembadilisha? Hatukumwona akipanda lifti, na Milchick alipotoka chooni alikuwa amekabiliwa na umati.

Lakini kinachonisukuma hasa kuandika ni kile tunachopoteza tukiikubali dhana hii. Sehemu hii ilianza na Mark wa nje na Mark wa ndani wakijibizana kwa video zilizorekodiwa, wa nje akimwomba wa ndani amtoe Gemma, akimwahidi kwamba baadaye wataunganishwa wawe mtu mmoja, huku jina la Helly, mwanamke ambaye mwenzake anampenda, akilikosea. Tangu pale Mark wa ndani aliona kwamba ahadi ile ilitolewa na mtu asiyemhesabu kuwa mtu kamili. Hata hivyo alimpeleka Gemma hadi mlangoni na kumtoa, kisha yeye akabaki ndani, akayachagua maisha yake mwenyewe hata kama yangedumu dakika chache. Mtazamaji anaweza kumlaumu au kumtetea, na nyumbani kwangu tumegawanyika, lakini ni uamuzi wa mtu huru. Ukisema kwamba aliyemfuata ni Helena, uamuzi huo mzito unageuka kuwa utapeli, na Mark anabaki mjinga aliyedanganywa kwa mara ya pili kwa njia ile ile.

Kubashiri si jambo geni. Tarehe 21 Machi 1980, miaka 45 kamili kabla ya "Cold Harbor", tamthilia ya Kimarekani ya Dallas ilimwacha mhusika wake J.R. Ewing amepigwa risasi, na watu wakabishana hadi Novemba kuhusu aliyempiga. Watengenezaji wake waliwapiga picha waigizaji kadhaa wakifyatua bastola ili siri isivuje. Ubishi ule ulikaribia kuwa bahati nasibu. Severance ni kazi ya namna nyingine, kwa sababu humwekea mtazamaji vidokezo mbele yake, na wale tuliolelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tunaijua raha ya kuvikusanya kabla mpelelezi hajafungua kinywa.

Vidokezo halali bado vipo vingi. Jame anamtakia nini Helly, ikiwa anauona moto wa Kier ndani yake? Burt alimpandisha Irving kwenye treni pamoja na mbwa wake. Je, Irving atarudi kwa njia gani? Bi. Cobel, aliyekuwa mkuu wa ofisi ile, ambaye tumejua sasa kwamba ndiye aliyeubuni utaratibu wenyewe wa kugawa kumbukumbu, anamsaidia Mark kwa huruma au kwa kisasi? Makala juu ya hayo ningeisoma kwa hamu.

Ombi langu ni kwamba mwandishi wenu airudie mada hii, awaeleze wasomaji kwamba habari ya Helena ni dhana ya baadhi ya mashabiki, na ataje tukio au neno moja katika "Cold Harbor" linaloiunga mkono. Akilipata, nitalitazama upya bila ukaidi.

Msomaji wenu,
Morogoro