Barua ya malalamiko: mmeninyima dhamana kwa kosa la kutumia jua

Ngamiani, Tanga
17 Novemba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SKRINI ISIYO NA TAA NILIYONUNUA KWENU TAREHE 2 SEPTEMBA, NA DHAMANA MLIYOIKATAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu skrini moja ya kompyuta, ile inayotumia mwanga wa nje badala ya taa ya ndani, kwa shilingi 1,950,000. Risiti ya EFD ninayo, na cheti cha dhamana ya miezi 12 chenye muhuri wenu ninacho. Mzigo ulikuja kwa basi, nikaupokea mwenyewe stendi ya Kange tarehe 4. Wiki iliyopita mmenijibu kwamba dhamana hiyo imekufa kwa sababu, nanukuu barua pepe yenu, "mteja ameweka kifaa kwenye mwanga wa jua." Sentensi hiyo nimeisoma mara tatu nikidhani miwani yangu ndiyo yenye tatizo.

Mimi ni mtunza hesabu. Nashika vitabu vya SACCOS tatu hapa Tanga na duka moja la vifaa vya ujenzi. Kwa miaka mingi nimekaa mbele ya skrini ya kawaida tangu saa mbili asubuhi hadi jioni, na mwisho wa mwezi hadi saa nne usiku. Macho yalikuwa yananiwasha kama niliyekuwa napuliza kuni mbichi. Daktari wa macho hakunizungusha: "Mama, huna ugonjwa, ila hupepesi macho." Mtu akiikodolea skrini hupepesa mara chache, na jicho linakauka. Akanipa ile kanuni ya kila baada ya dakika 20 kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Nilipomuuliza habari ya miwani ya kuzuia mwanga wa bluu inayouzwa kila kona, alicheka, akaniambia nitunze hela yangu.

Kwa hiyo sikuja kwenu kutafuta dawa. Tangazo lenu linasema skrini hii "inatibu macho". Sikuliamini siku ile na nawashauri mlifute. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, nitoke chumbani. Chumbani kwangu nikiinua kichwa naona ukuta, na ukuta uko mita moja na nusu. Barazani nikiinua kichwa naona mwembe wa jirani na watu wanaopita barabarani. Hizo ndizo mita 6 za daktari, na hazihitaji kengele ya kunikumbusha. Lakini skrini ya kawaida ukiitoa nje saa nne asubuhi unajitazama sura yako mwenyewe, kwa kuwa taa yake ya ndani haiwezi kushindana na mchana. Hii yenu haishindani. Mwanga unaingia kwa mbele, unapita kwenye kimiminika cha ndani kinachochora maandishi, unagonga tabaka linalorudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia, kisha unarudi kwako. Mtindo ni uleule wa kikokotoo changu cha mezani na wa saa za Casio tulizovaa shuleni. Jua likizidi, maandishi ndiyo yanazidi kusomeka.

Na kweli nilikaa wiki tatu za raha, nisiwanyime haki yenu. Nilikuwa natandika kitambaa juu ya meza ndogo, naiinamisha skrini kidogo, upepo wa baharini unapita, na safu za tarakimu zinasomeka kama zimechapwa gazetini. Nyeupe yake si nyeupe, ni rangi ya gazeti lililokaa kibarazani siku mbili. Rangi nyekundu, ambayo mimi natumia kuwatia alama wakopaji waliochelewa kulipa, ilififia hadi ikafanana na ya chungwa. Nikabadili, nikawawekea maandishi mazito. Hayo sikulalamika wala silalamiki. Jioni nilikuwa nafunga kazi bila kujifinya macho.

Tarehe 25 Septemba likatokea doa. Lilianza pembe ya chini kushoto, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, rangi ya chai ya rangi, mfano wa mafuta yaliyopenya katikati ya karatasi mbili. Nikalifuta kwa kitambaa, liko ndani. Wiki iliyofuata likaongezeka kama upana wa kidole. Sasa ni kiganja kizima. Mtu asiye mhasibu anaweza kuona pembe ya chini si kitu. Kwetu sisi, chini ndiko jumla inakokaa. Mwezi wa Oktoba nilisoma 8 nikaandika 3 kwenye marejesho ya mwanachama mmoja, na yule mama alikuja hadi nyumbani na kitabu chake mkononi.

Nilipopiga simu kwenu mara ya kwanza nilimpata kijana mmoja mwenye adabu sana. Akaniambia, "Mama, ongeza mwanga wa skrini." Nikamwambia, "Mwanangu, hii haina mwanga." Akasema basi nibonyeze kitufe cha mwanga. Nikamweleza kuwa hakuna kitufe, kwa kuwa hakuna taa ya kuongeza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama umeme wa huku kwetu ni mdogo. Simu ya pili, mtu mwingine, akataka kuniuzia taa ya kubandika juu ya skrini kwa shilingi 140,000. Naomba kijana yule asiadhibiwe kwa barua hii. Hakuna aliyemwambia anauza nini.

Sasa nije kwenye jua lenu. Fundi wenu aliyetazama picha ameandika kwamba doa ni la joto. Najua skrini za namna hii, kama zile za simu za zamani, zikipata joto kupita kiasi hiki kimiminika hupoteza mpangilio wake na skrini ikawa nyeusi. Lakini ikipoa hurudi. Nimelijaribu hilo. Niliizima, nikaiweka chumbani usiku kucha feni ikiipulizia, asubuhi doa liko palepale na mipaka yake ileile. Kijitabu kilichokuja kwenye boksi kinasema inafanya kazi hadi nyuzi joto 50. Tanga kuna joto, lakini baraza langu lina paa, na ninyi mmewahi kufika Tanga, mnajua kivulini joto halifiki huko. Nikiri jambo moja: siku moja alasiri nilikwenda kuswali, niliporudi nikakuta jua limeingia kwa upande na kuipiga kama nusu saa. Hiyo ilikuwa katikati ya Oktoba, doa lina wiki tatu. Mimi naona gundi ya pembeni haikushika vizuri, na unyevu umeingia. Kama ni hivyo, kosa ni la kiwandani.

Tuseme basi hata nimekosea yote hayo. Lichukueni boksi mlilonitumia, mtazame picha yake. Kuna mwanamke amekaa ufukweni, skrini hii mbele yake, jua limeipiga uso mzima, na yule mama hana hata mwavuli. Chini yake mmeandika "Furahia kazi juani." Mnaniuzia kwa jua, kisha mnaninyima dhamana kwa jua!

La mwisho ni dogo, ila lipo. Tangazo linasema skrini inasomeka "usiku na mchana". Nimepima mwanga kwa simu: barazani saa nne asubuhi kipimo kilisoma lux 4,200, chumbani usiku chini ya balbu, 80. Kwa 80 hiyo husomi kitu, unakisia. Taa ya mezani nimejinunulia kwa shilingi 35,000 na siidai kwenu, lakini mnunuzi mwingine anayefanya kazi usiku tu ana haki ya kujua kabla hajatoa milioni mbili.

Ninachoomba ni skrini nyingine ya aina hiyohiyo, nzima, au mnirudishie shilingi 1,950,000 pamoja na 18,000 ya usafiri. Nasema ya aina hiyohiyo kwa sababu kitu chenyewe nimekipenda. Tangu doa lifike hapo lilipofika nimerudi chumbani kwenye skrini ya zamani, macho yameanza tena, na vyama vyote vitatu vinafunga hesabu tarehe 31 Desemba. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka risiti, picha ya boksi na barua pepe yenu kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi.

Nimeambatisha picha sita za doa, kila moja na tarehe yake, na nakala ya cheti cha dhamana. Skrini nimeifunga kwenye boksi lake na vikingio vyake vyote vya povu. Mkitaka niirudishe, nijulisheni siku moja kabla ili niiwahishe Kange kwenye basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mabasi ya mchana wanarundika mizigo mizito juu.

Wenu,

(saini)
Mteja wa risiti ya tarehe 2 Septemba