Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2020/2021: Afueni ya Mikopo na Madeni Yaliyobaki

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wafanyabiashara, wanakamati, mabibi na mabwana,

Kabla ya yote, tuwakumbuke wenzetu waliotutoka mwaka huu, wengine kwa korona na wengine kwa maradhi mengine, tukashindwa hata kuwazika kama tulivyozoea. Mungu azilaze roho zao mahali pema. Nanyi mliofunga biashara na bado mkaja kuketi nasi leo, asanteni sana. Mngali wanachama kamili, na kura yenu leo ni sawa na ya mwenye duka lililo wazi.

Mambo ya kawaida nitayapitia upesi. Hesabu zilizokaguliwa mnazo mkononi na mweka hazina atazifafanua. Ada ya uanachama tuliisimamisha Aprili 2020, na kwa hiyo mfuko wa kufaana umepungua, hasa baada ya kuwasaidia wafiwa. Uchaguzi uliokwama kwa sababu ya marufuku ya mikutano utafanyika leo. Muda wangu mwingi nataka niutumie kwa jambo lililotukosesha usingizi wengi humu ndani, yaani mikopo.

Mtakumbuka yalivyofuatana. Tarehe 13 Machi 2020 kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa hapa Kenya, na siku mbili baadaye tukaambiwa shule zinafungwa. Tarehe 18, Benki Kuu ikatangaza hatua za dharura. Aliyekuwa akilipa mkopo wake vizuri kufikia tarehe 2 Machi angeweza kuiendea benki yake kuomba masharti mapya. Mkopo wa mtu binafsi ungeweza kusogezwa hadi mwaka mmoja, na wenye biashara wangezungumza na benki kulingana na hali zao. Gharama za kuupanga upya mkopo zingebebwa na benki, si na mkopaji. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na wenzetu wa hoteli na baa wakajua mwaka umeharibika. Kuanzia 1 Aprili, mkopo utakaochelewa haungepelekwa CRB, yaani ofisi zinazoweka rekodi za wakopaji, kwa miezi sita. Ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo nao ulishushwa kutoka asilimia 3 hadi 1, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kutoka 16 hadi 14.

Nasema bila kusita kwamba hatua hizo ziliokoa biashara. Kufikia mwisho wa Februari 2021, mikopo ya KSh trilioni 1.7 ilikuwa imepangwa upya, yaani asilimia 57 ya mikopo yote ya benki nchini. Kama mikopo hiyo yote ingedaiwa kwa siku ile ile, madalali wangekuwa wanauza vitu ambavyo hakuna mtu mwenye pesa za kuvinunua, na benki zenyewe zisingepona. Aliyebuni hatua zile alielewa jambo hilo na ninampongeza.

Hata hivyo, trilioni ni za wakopaji wakubwa na wadogo zikiwa zimejumlishwa pamoja. Dawati letu la mikopo liliwaona wadogo.

Kuna mwenzetu anayeshona sare za shule. Kila mwisho wa mwaka hukopa kununua vitambaa, hushona Desemba, huuza Januari, na mabaki huyauza muhula wa pili. Shule zilipofungwa, marobota ya kitambaa cha kijani na cha maruni yalibaki yamepangwa hadi darini, na rangi ya shule fulani huwezi kumuuzia mtu mwingine. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi 12 Oktoba, na wengine wote 4 Januari 2021. Miezi yote hiyo mkopo ulikuwa hai. Alikwenda benki mapema, akapewa barua ya masharti mapya akaisaini. Alipochapisha taarifa ya akaunti mwezi uliofuata, akakuta amekatwa ada ya kupanga mkopo upya. Dawati likamwandikia barua meneja wa tawi, tukabandika tangazo la Benki Kuu na kupigia mstari sentensi inayosema gharama ni za benki. Ada ilirudishwa. Ni pesa ndogo ukiitazama kwa umbali, lakini ndiyo iliyomlipa fundi wake wa pili mwezi ule.

Jambo ambalo dawati lilieleza tena na tena, na ambalo naomba lieleweke leo, ni hesabu ya riba. Wengi walidhani miezi bila malipo ni miezi bila riba. Tuchukue mkopo wa mfano wa KSh 600,000 kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka. Riba ya mwezi mmoja ni KSh 6,500. Ukipewa miezi sita ya kutolipa chochote, umejiongezea KSh 39,000, na kama benki inaiingiza riba hiyo kwenye deni, nayo inaanza kuzaa riba yake. Aliyeweza kulipa riba tu na kusimamisha malipo ya mkopo wenyewe alitoka na mzigo mwepesi zaidi. Ndiyo sababu dawati halikumwambia kila mtu akimbilie likizo ndefu. Aliyekuwa na mauzo kidogo tulimshauri alipe kidogo.

Sasa niwataje waliobaki nje. Aliyekuwa amechelewa kulipa kabla ya 2 Machi hakuhesabiwa, hata kama alichelewa kwa wiki moja. Halafu wapo waliokopa kwa simu. Wakopeshaji wengi wa mikopo hiyo hawakuwa wakisimamiwa na Benki Kuu wakati huo, kwa hiyo tangazo la afueni halikuwafunga. Benki Kuu ilifanya jema Aprili 2020 ilipowazuia wasipeleke majina CRB, na kufuta majina ya waliodaiwa chini ya KSh 1,000. Lakini simu za vitisho kwa jamaa na wateja wa mkopaji hazikukoma. Mama mboga anayekopa asubuhi na kulipa jioni ndiye aliyefungiwa soko kwanza, na kwake afueni hii ilikuwa habari ya redioni.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi afueni ilivyokwisha. Ilifika mwisho 2 Machi 2021, kama ilivyopangwa mwaka mmoja kabla. Tarehe 26 Machi hiyo hiyo, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zikafungwa, baa zikafungwa, hoteli zikaachwa kuuza chakula cha kubeba tu, na kafyu ikarudishwa saa mbili usiku. Hali hiyo ilidumu hadi 1 Mei. Wenzetu wa kaunti hizo walizimiwa biashara wakati ule ule ambapo malipo kamili ya mkopo yalikuwa yamerudi, pamoja na riba iliyorundikana. Kamati yenu inaamini kwamba afueni ya janga haifai kufuata kalenda. Serikali inapofunga biashara kwa amri, malipo ya mkopo wa biashara hiyo yasogezwe kwa amri hiyo hiyo, na muda wa kurejea malipo uhesabiwe kuanzia siku ya kufunguliwa. Hatuombi deni lifutwe. Tulikopa wenyewe na tutalipa.

Kamati inaomba idhini yenu kupeleka pendekezo hilo Benki Kuu na Wizara ya Fedha kwa maandishi, pamoja na ombi kwamba wakopeshaji wa simu wawekwe chini ya sheria moja na benki. Tunaomba pia dawati la mikopo liwe la kudumu, na posho ndogo kwa vijana wawili wanaoliendesha. Kuhusu mpango wa serikali wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo, uliotengewa KSh bilioni 3, tutamwalika afisa anayeufahamu aje azungumze nasi, kwa sababu wengi mmeniuliza na majibu ya matawini yanatofautiana.

Wenye ardhi au nyumba iliyowekwa dhamana, tafadhali msisubiri. Sheria ya Ardhi inampa mdaiwa notisi ya angalau miezi mitatu ya kulipa, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Ukipokea ya kwanza, usiifiche kabatini; ilete dawatini wiki hiyo hiyo, pamoja na barua ya mkopo, barua ya masharti mapya kama uliisaini, na taarifa ya akaunti kuanzia Machi 2020. Vijana wapo kwenye meza ya mlangoni leo hadi mkutano utakapokwisha.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti