Risala ya Wazazi wa Darasa la Awali na la Kwanza kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Muheza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa kata yetu; Mwenyekiti wa Kamati ya Shule; Mwalimu Mkuu na walimu wote; wazee wetu, wazazi wenzetu na watoto wetu wapendwa: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za asubuhi.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Nawe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kuja, maana tunajua Jumamosi ya diwani haikosi msiba mmoja na harusi mbili.

Sisi tunaosoma risala hii ni wazazi na walezi wa watoto wa darasa la awali na la kwanza. Hatuna jina la kikundi, katiba wala akaunti ya benki. Tulianza mwaka jana akina mama saba na baba mmoja, baada ya mwalimu wa awali kutuita na kutuuliza: nani nyumbani kwake ana kitabu ambacho si cha shule, si Msahafu wala Biblia? Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwenzetu mmoja alitaja kalenda.

Tulichokubaliana siku ile ni kitu kidogo. Kila usiku kabla mtoto hajalala, mtu mmoja wa nyumba ile akae naye mkekani na kitabu, dakika kumi. Awe mama, baba, kaka au bibi, yeyote ambaye hajasinzia. Tulichanga shilingi 500 kila wiki, na leo tuna vitabu 23 vya hadithi zenye picha. Vinakaa ndani ya tenga la machungwa, na tenga linahama nyumba kila Jumapili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utatuuliza: kusoma si ndiyo kazi ya mwalimu? Nasi tuliuliza hivyo hivyo. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazikamata silabi zake, ba be bi bo bu, anaweza kulitamka karibu neno lolote, hata asilolijua. Hapo ndipo sisi wazazi tunapodanganyika. Mtoto anasoma "mamba alijibanza kwenye matete" bila kukwama, tunapiga makofi, kumbe hajui matete ni kitu gani na kujibanza ndiyo kufanyaje. Mwalimu mwenye darasa lililofurika atamfundisha silabi, na tunamshukuru kwa hilo. Lakini maneno yenyewe mtoto anayapata kwa kusomewa na kusimuliwa, akidakia, akiuliza, akijibiwa. Akifika kwenye upimaji wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa darasa la pili bila maneno hayo, atausoma mstari wote na swali limshinde.

Wengi wetu nyumbani tunasema Kibondei, Kisambaa, Kidigo au Kizigua, na tulidhani hiyo ni kasoro. Siku hizi tunasoma ukurasa kwa Kiswahili, kisha tunaujadili kwa lugha ya nyumbani. Mtoto akishaelewa kwa nini sungura kakimbia, haimpi shida kulisema hilo kwa lugha yoyote.

Tumeruhusiwa na mwenyewe tumtaje bibi mmoja kati yetu, anayelea wajukuu wawili. Yeye ni zao la ngumbaru. Wakubwa mnakumbuka: Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wakawa wanatoka shamba kwenda kujifunza kusoma chini ya miembe. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika katika nchi hii walikuwa kama asilimia 67. Kufikia 1986 walikuwa wameshuka chini ya asilimia 10. Bibi yetu alijifunza herufi zake mtoto akiwa mgongoni. Sasa macho yamechoka, maandishi madogo hayaoni tena. Kwa hiyo yeye anatazama picha na kusimulia anachokiona, na mjukuu wa darasa la kwanza anasoma maandishi. Hadithi hizo mbili hazifanani hata kidogo. "Bibi, fisi hakusema hivyo!" "We, ulikuwepo?" Basi wanarudi ukurasa wa kwanza kutafuta nani mkweli. Tangu tumsikie bibi huyu, hakuna mzazi kwetu anayeruhusiwa kusema hasomi na mwanawe kwa sababu aliishia darasa la nne.

Mambo hayakuwa mazuri yote. Mwanzoni baadhi yetu tulikaa na kitabu mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. Mtoto akikosea neno, kofi. Baada ya wiki mbili watoto wale wakawa wanalala mapema kuliko kuku, na usingizi wenyewe ni wa kujifanya. Ilibidi tukae kikao, tukaambiana ukweli, na yaliyosemwa humo yabaki humo. Tangu hapo utaratibu ni mmoja: akikosea, mzazi analitamka neno vizuri, hadithi inaendelea. Akitaka kitabu kile kile usiku wa sita mfululizo, anasomewa kile kile.

Kuhusu akina baba, risala ya kwanza ilikuwa na ukurasa mzima. Mwenyekiti ameupunguza. Tunasema tu kwamba yule baba mmoja wa mwanzo, dereva wa bodaboda, sasa ana wenzake wanne, na kwamba viti vya nyuma kule tunaviona vimejaa akina baba leo.

Mheshimiwa, changamoto zetu ni tatu. Vitabu 23 watoto wameshavikariri, na vingine kurasa zimetoka. Maktaba ya Mkoa iko Tanga mjini, na nauli ya mzazi na mtoto kwenda na kurudi ni hela ya mboga ya siku kadhaa. Na usiku, nyumba zisizo na umeme zinasoma kwa tochi ya simu mpaka chaji iishe.

Tunaomba utusemee Halmashauri, ili itupe chumba kimoja katika ofisi ya kata Jumamosi asubuhi, pawe mahali pa kusomea na kuazimia vitabu. Tunaomba utusaidie kuifikia Bodi ya Huduma za Maktaba, tujue utaratibu wa kupata vitabu vya kuazima kwa zamu. Na shule yetu tunaiomba, kwa heshima zote, vitabu vya hadithi vilivyofungiwa kabatini visichafuke vitolewe vichafuke. Tutavishona wenyewe.

Zawadi ya mgeni rasmi hatukuandaa, Mheshimiwa. Badala yake pale kwenye mkeka kuna kitabu cha kurasa 12 na watoto wa awali wanaokungoja. Ukisema "Paukwa!" watajua la kujibu. Kuna mmoja mwenye sweta jekundu, huyo atakukatiza kwenye ukurasa wa pili kuuliza kwa nini mbuzi hana viatu. Tunaomba umjibu, halafu uendelee.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.